Zamu ya Kusema Siyo

Kuna watu wakikuuliza jambo huna haja ya kujisumbua kujibu, maana jibu wameshakutilia mdomoni. Mama Makochi alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa haja, mrefu, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara, na vidole vilivyojaa makovu madogo ya pini. Karakana yake ya makochi ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: chumba kimoja kirefu chini ya bati, upande huu mbao na vumbi la randa, upande ule cherehani na marobota ya vitambaa, katikati sponji zimerundikwa karibu na dari. Aliianza peke yake, na cherehani ya kuazima, akishona mito ya viti vya watu. Ukimwambia "wewe una bahati", atakuangalia mpaka ujute kuzaliwa na ulimi.

Basi mama huyu alikuwa na neno lake. Kila alipomaliza kusema analolitaka, alilifunga kwa "au siyo?"

"Mbao hizi tunazikata leo, au siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Gundi ile ya zamani ilikuwa bora kuliko hii, au siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Chai ya leo haina sukari, au siyo?"

"Ndiyo, mama," hata yule aliyeona sukari imezidi.

Yeye moyoni alijihesabu kuwa bosi msikivu kuliko mabosi wote wa mtaa ule. Aliwasema wenzake bila huruma. Yule mwenye duka la vioo anaamrisha watu utadhani anafukuza kuku. Yule wa rangi haulizi mtu. "Mimi," alikuwa akisema, mkono kifuani, "siamui jambo bila kuwauliza vijana wangu." Na kweli aliwauliza. Loo, aliwauliza mchana kutwa! Nyani haoni nani hii, malizieni wenyewe, mimi nina adabu zangu.

Vijana wenyewe walikuwa watatu, na mmoja ujana ulishamuaga zamani. Huyo ndiye Sharubu, seremala, mtu wa kununa, sharubu zake nene hazikosi unga wa mbao, fundi hodari asiyependa kuelekezwa. Wa pili ni Shoto, mshonaji, mwanamke wa makamo anayekata kitambaa kwa mkono wa kushoto huku akiimba chini chini. Wa tatu ni Dereva, na Dereva alikuwa mdomo mtupu. Alijua habari za kila nyumba aliyopeleka kiti: nani kagombana na nani, nani kanunua kochi la kifahari na bado analala chini.

Sasa sikilizeni aibu ilivyokuja. Nesi mmoja anayekaa ghorofa ya tatu aliagiza kochi la kona. Makochi ya namna hiyo hutengenezwa vipande viwili, vikaungwa kwa vyuma mkishafika ndani. Lakini Mama Makochi alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na viungo. Alisema kiungo baada ya muda hulia. Mgeni anakaa, kochi linalia nyiii, mwenye nyumba anaona haya.

"Hili tunalifanya kipande kimoja," alitangaza. "Ngazi za pale nimeziona, ni pana. Linapita, au siyo?"

Sharubu ndiye aliyekwenda kupima sebule ya nesi. Dereva aliwahi kupandisha kabati jengo hilohilo akarudi na viwiko vimechubuka. Shoto hakuwahi kufika kule, lakini macho alikuwa nayo, na kochi alikuwa akiliona linavyonenepa hapo chumbani mpaka likawaziba njia ya kwenda chooni.

"Ndiyo, mama," walisema wote.

Ghorofa ya kwanza lilipita. Kwenye kona ya ngazi za pili likagoma. Wakalisimamisha, wakalilaza, wakaligeuza miguu juu, wapi! Likabana ukutani, halipandi wala halishuki. Mzee mmoja anayetaka kuteremka alikaa juu yake kupumzika akasema ni zuri. Watoto wakapita chini kwa magoti kwenda dukani na kurudi, wakapita tena bila kutumwa. Nesi mwenyewe alisimama juu na sare zake za kazi, mikono kiunoni. Mwisho Sharubu alipiga magoti palepale ngazini, akatoa msumeno, akalikata katikati. Kitambaa kipya, mshono wa Shoto wa siku nzima, kikapasuka mbele ya macho yake. Shoto hakuimba tena siku hiyo.

Njiani kurudi, vipande viwili vya kochi vikirukaruka nyuma ya pikapu, Dereva alishindwa kunyamaza. Kunyamaza hakukuwa kazi yake.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba halipiti. Toka siku ile."

Mama Makochi akageuka mzimamzima kwenye kiti. "Ulijua! Na mimi nilikuuliza kwa kinywa changu, mbele ya watu, linapita au siyo. Ukanijibu nini?"

"Nilijibu ndiyo."

"Sasa?"

"Mama, unisamehe. Ile 'au siyo' yako siyo swali. Ile ni salamu."

"Salamu?"

"Kama hujambo. Mtu akiniambia hujambo, najibu sijambo, hata kama jino linanitoa roho. Siwezi kuanza kumfunulia mdomo aone jino. Ndiyo adabu. Na wewe ukisema au siyo, adabu yake ni ndiyo." Dereva akaona siku imeshaharibika, kuongeza kidogo si kosa. "Hata jina tumekupa. Mama Au Siyo."

Mtu mwingine angemshusha palepale akatembee. Mama Makochi alitazama barabara. Alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni, joto la mtu aliyejiona msikivu miaka yote kumbe alikuwa anasikiliza mwangwi wake mwenyewe. Alikasirika, na hasira hiyo haikupata pa kwenda, maana kila mtu ambaye yeye alitaka kumkasirikia alikuwa amemjibu kwa adabu.

Jioni alimsimulia mdogo wake. Huyu mdogo wake, Kitinda, ndiye mwisho wa tumbo la mama yao. Mama alifariki Kitinda bado anatambaa, na dada mtu akamfunga mgongoni akaendelea kushona. Alimlea, akamsomesha, akamvalisha, akamtafutia hata kinyozi. Sasa Kitinda alikuwa kijana mpole wa maneno machache, anafundisha watoto wa chekechea, wale wa kuimbishwa na kufutwa makamasi, na kila jioni alipita kwa dada yake kula. Aliposikia kochi lilivyokwama ngazini alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Cheka tu," alisema dada yake. "Siku moja na wewe utakuwa na karakana, utaona. Hao watoto unapitisha muda tu, au siyo?"

"Ndiyo, dada," alisema Kitinda, akachukua kijiko chake.

Asubuhi Mama Makochi alifika karakana amekata shauri. Yule mama ana kasoro zake, lakini kulala na jambo bila kulitafutia dawa si kasoro yake. Aliwaita wote mbele ya meza ya kukatia kitambaa.

"Jana nimeaibika na yameisha," alisema. "Ila nimegundua hapa tuna watu wanne na kichwa kimoja. Sasa nisikilizeni. Mna zamu ya kufagia, kila mtu wiki yake. Kuanzia leo, mwenye ufagio ndiye mwenye siyo. Nikileta jambo, kazi yake ni kulipinga, hata kama analipenda. Anitafutie ubaya wake wote. Akikosa la kusema, anafagia na wiki inayofuata. Na mimi nitasema mwisho, baada ya wote."

Wakatazamana. Shoto akaficha mdomo kwa mkono.

"Na wewe utafagia lini?" aliuliza Sharubu.

"Mimi?"

"Zamu ni zamu. Kama siyo ina zamu, na wewe una wiki yako. Au wewe huna la kujipinga?"

Hapo ndipo angeweza kusema mimi ndiye ninayewalipa, na mchezo wote ungeishia hapo. Neno lilifika kooni, akalimeza. "Haya," alisema. "Nitafagia."

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Wiki ya kwanza ilikuwa ya Dereva, na Dereva akakipokea kibali cha kupinga kama mtu aliyepewa ngoma. Chai? Siyo. Tufungue dirisha? Siyo. Sharubu akamuuliza leo ni Jumanne, akasema siyo, na ilikuwa Jumanne. Mama Makochi nusura afute zamu yote. Lakini Ijumaa mteja alikuja anataka viti vya kulia chakula, na mama alikuwa ameshafungua mdomo kukubali, Dereva na ufagio wake akasema, "Siyo. Hatujawahi kutengeneza viti vya kulia. Tutajifunzia kwa huyu?" Mteja mwenyewe akacheka. Mama Makochi akampeleka kwa fundi wa viti mtaa wa pili, na fundi yule kwa shukrani akaanza kuwaletea wateja wa makochi.

Wiki ya Shoto alikuja mfanyabiashara na robota la velveti ya zambarau, laini, inameta, bei ya kutupa. Mama Makochi aliipapasa akaisikia mpaka moyoni.

"Semeni," aliwaambia, akafunga mdomo kwa nguvu.

Sharubu na Dereva waliisifu. Shoto alisimama na ufagio, akaona haya kidogo, kisha akasema, "Siyo, mama. Wateja wetu wengi wako kule barabara ya vumbi. Zambarau hii baada ya mwezi itakuwa kijivu, na wakija kulalamika watamlalamikia aliyeshona." Robota likarudi lilikotoka. Mama Makochi aliliangalia likiondoka kama anamsindikiza ndugu.

Na asije mtu akadhani mwenye ufagio ndiye aliyekuwa akishinda. Wiki ya Sharubu, mama alitaka kuacha misumari kwenye fremu na kutumia skrubu. Sharubu alipinga asubuhi mpaka adhuhuri. Baba yake alitumia misumari, yeye ametumia misumari, makochi ya misumari yamewazika wenyewe. Mama alimsikiliza neno kwa neno. Mwisho akasema, "Nimekusikia, na sababu yako ya kwamba skrubu itatuchelewesha ni kweli, nimeipima. Tutachelewa. Lakini makochi yanayorudi hapa yamelegea yote ni ya misumari. Tunatumia skrubu." Sharubu alinuna, maana kununa ni kawaida yake, ila hakuvunjika moyo. Alisema baadaye kwamba ni mara ya kwanza amekataliwa baada ya kusikilizwa, na kwamba ladha yake ni tofauti.

Hivyo ndivyo mama alivyojifunza. Ile 'siyo' ya mwenzako haikuondolei uamuzi mkononi, inakuonyesha unaamua nini. Karakana ikachangamka. Kazi ikaongezeka, makochi yakaacha kurudi, na Mama Makochi akaanza kutembea kwa ile namna yake ya zamani, kifua mbele, ila sasa alikuwa na sababu.

Hapo ndipo alipopata wazo kubwa.

Ng'ambo ya mji palikuwa na jengo la kona, madirisha mapana, mlango wa kupitisha kochi lolote, hata lile la nesi. Mwenye jengo alitaka mpangaji. Mama Makochi alilizunguka mara kadhaa, akagusa kuta, akaona kibao chake juu ya mlango. Karakana ya pili! Na msimamizi wake alikuwa ameshamjua kabla hata hajaliona jengo: Kitinda. Alikuwa akimwekea Kitinda nafasi moyoni tangu anamfunga mgongoni. Hili ndilo jambo alilokuwa akilitaka kuliko yote duniani, kumtoa mdogo wake kwenye makamasi ya watoto wa watu na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Alimwambia jioni, wakila. "Nimekupatia karakana. Utaacha kile kijikazi cha shule. Unafaa kabisa, au siyo?" Nyumbani, mwajua, hakuna ufagio.

"Ndiyo, dada," alisema Kitinda.

Mwenye jengo alitaka jibu Jumamosi kabla ya adhuhuri, la sivyo anampa mtu wa matairi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Mama Makochi alimleta Kitinda karakana, akamkalisha kwenye kochi lisilo na kitambaa bado, akawaita wengine.

"Semeni," aliwaambia, na uso wake wote ulikuwa unaomba ndiyo.

Wakasema ndiyo. Safari hii haikuwa salamu. Dereva aliona atapata barabara mpya na habari mpya. Shoto alimpenda Kitinda tangu akiwa mtoto wa kulala kwenye mabaki ya vitambaa. Sharubu alisema ndiyo upesi hata akajishangaa, kwa sababu alijua Kitinda hatamwelekeza mtu kupiga randa. Damu nzito kuliko maji, walisema, ampe ndugu yake, akampe nani?

"Basi," alisema Mama Makochi, akanyoosha mkono kuchukua simu.

"Mama," alisema Dereva.

"Nini?"

"Ufagio wiki hii ni wako."

Na kweli ulikuwa umeegemea kiunoni mwake. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameutumia kufagia unga wa mbao wa Sharubu huku akinung'unika. Alicheka, wakacheka, kisha akaona hawaachi kumwangalia. Aliweka simu chini. Alikasirika kweli, maana ni nani anayetaka kuchimba shimo la kuzikia furaha yake mwenyewe? Lakini sheria aliitunga yeye, na Sharubu alikuwa pale, anasubiri kuona kama sheria ni ya wote au ya wafagiaji tu.

"Haya," alisema, akaushika ufagio kwa mikono miwili. "Napinga. Jengo lile liko mbali na wauza mbao. Kila ubao tutaulipia safari mbili."

"Sawa," alisema Sharubu, kwa raha.

"Wateja wa kule hatuwajui. Hapa tumejazwa kazi na majirani. Kule tutaanza na nani?" Alikuwa anasema kwa kujilazimisha, lakini maneno yalipotoka aliyasikia yana uzito, na akashangaa kwamba siku zote alizolizunguka jengo lile hakuwahi kuyasikia. "Na kwa nini sasa? Nani kati yenu amelalamika hapa hapatoshi? Hakuna. Nilipata msimamizi kwanza, ndipo nikamtafutia karakana. Nimeanzia mkiani."

Hakuna aliyecheka tena.

"Na msimamizi mwenyewe," alisema, na hapa sauti yake ikashuka. "Nimemchagua kwa sababu ni mdogo wangu. Damu nzito kuliko maji, ni kweli, lakini damu haipigi randa. Hajui msumari wala skrubu. Hajawahi kubishana na mteja. Mnisamehe, nasema kwa sababu ya zamu." Akamgeukia Kitinda, na kwa mazoea ya miaka yote, neno lake likamponyoka. "Kitinda, kazi hii hufai, au siyo?"

"Ndiyo, dada," alisema Kitinda.

Mama Makochi aliegemea ufagio.

"Rudia," alisema.

"Nimesema ndiyo, dada."

"Juzi nilikwambia unafaa. Ukasema ndiyo. Leo nakwambia hufai, unasema ndiyo. Sasa mimi nishike lipi?"

Kitinda aliangalia viatu vyake. Na dada yake akaanza kuhesabu kichwani, asiweze kujizuia. Ile shule ya bweni, aliyomwambia utaipenda, au siyo. Ile kozi ya biashara. Lile shati la mistari analolivaa kila sikukuu. Yule binti wa jirani ambaye yeye dada alisema hafai, na Kitinda akasema ndiyo, dada, na hakumtaja tena. Kochi la nesi lilikatwa kwa msumeno na kuungwa upya. Mtu unamkata wapi?

Akamwendea, akamtia ufagio mkononi.

"Shika."

"Dada, mimi siyo mfanyakazi wa hapa."

"Shika, nimesema. Mwenye ufagio kazi yake ni moja, waulize hawa. Unaitaka karakana ile?"

Kitinda aliushika ufagio kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Alitazama mpini wake, akatazama nyuso za wale watatu. Dereva, yule mdomo mtupu, alikuwa amenyamaza kwa mara moja maishani. Mama Makochi alitaka kumsaidia, alitaka sana kumtilia neno mdomoni. Alijiuma ulimi akasubiri.

"Siitaki," alisema Kitinda. Kisha, kama mtu aliyekanyaga maji akaona hayafiki hata magotini, akaendelea. "Siitaki, dada. Sikuitaka hata kidogo. Mimi nafundisha watoto. Sipitishi muda. Nawapenda wale watoto, nikiamka asubuhi nawahi. Shule imeniambia mwakani nitakuwa mkuu wa chekechea nzima, na nimeshindwa kukwambia kwa sababu ungesema..." Akakwama.

"Ningesema nini?"

"Ungesema kijikazi."

Alikuwa ameshakisema, na wote wawili walijua. Shoto akainama kuokota uzi ambao haukuwepo.

Simu ikalia. Ni mwenye jengo. Mama Makochi aliipokea hapohapo mbele yao, na sauti yake ilikuwa imara kama ya siku zote. "Nashukuru kwa kunisubiri," alisema. "Jengo ni zuri, mpe mtu wa matairi. Hapana, siyo bei. Nilikuwa nampangia nyumba mtu asiyetaka kuhama." Akasikiliza kidogo. "Kazi ikitubana tutatafuta mahali kwa ajili ya kazi. Asante, na wewe pia." Akakata.

Akawaambia wale watatu warudi kazini, wakarudi, kwa maana ya kwamba Sharubu alishika randa bila ubao, na Shoto akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Hakuna aliyetaka kukosa neno.

"Umekasirika, dada?" aliuliza Kitinda.

"Nimekasirika. Nimekasirika sana, na usinisogelee." Alijifuta macho kwa upindo wa aproni, unga wa mbao ukamwingia, akazidi kulia. "Sikukasirikii wewe. Nimekulea tangu una meno mawili mdomoni, nikajisifu mji mzima kwamba namjua mdogo wangu kama kiganja changu. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuuliza kitu."

"Na mimi ndiyo mara ya kwanza nimekujibu," alisema Kitinda, akitabasamu.

Mama Makochi alikaa kando yake juu ya mbao tupu za lile kochi. Alikuwa na maneno mengi, la kwanza lilikuwa ushauri juu ya ukuu wa chekechea na jinsi ya kuuendesha, akalimeza. Alimimina chai vikombe viwili.

"Haya, nieleze hao watoto," alisema. "Wako wangapi, wanaitwa nani, yupi anakusumbua."

Kitinda akaanza na yule anayelia kila Jumatatu. Alieleza mpaka chai ikapoa, na dada yake hakumkatiza.